Uvimbe kwenye ngozi ya mbwa: usikamue kabla ya kuangalia

Maneno ya afisa wa mifugo wa wadi kwa wafugaji, katika baraza la kuhamasisha chanjo ya mbwa hapa Pwani



Nikipita vijijini naulizwa habari za ng'ombe na mbuzi. Mbwa hukumbukwa nikishawasha pikipiki: "Daktari, na huyu wangu ana vinundu, nimpake nini?" Leo tuanze na mbwa.

Kabla ya kupaka chochote, tenganisha manyoya uangalie vizuri. Kinundu cha kijivu sikioni au shingoni mara nyingi ni kupe aliyeshiba damu. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, umvute polepole bila kumsokota.

Kinundu chenye tundu dogo juu, kama jipu lisiloiva, huenda kina buu la nzi ndani. Nzi huyu hatagi kwenye ngozi ya mbwa. Hutaga mchangani penye kivuli, hasa palipokojolewa, na kwenye nguo zilizoanikwa chini. Buu huvizia hapo hadi mnyama au mtu alale, kisha hupenya ngozini. Ukimkamua kwa nguvu atapasukia ndani na kidonda kitaoza. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka. Akikosa hewa atajitokeza, ndipo umtoe taratibu. Halafu wakagueni watoto, maana wao na mbwa hutumia mchanga mmoja. Nguo zipigwe pasi pande zote mbili. Na tukiwa hapo, tazama nyayo za mbwa kama zina funza. Kuwatibu watoto funza na kumwacha mbwa ni kuteka maji kwa pakacha.

Uvimbe mwingine huota sehemu za siri, mwekundu, kama koliflawa, na hudondosha damu. Wenye mbwa jike hudhani yuko kwenye joto, miezi ikapita. Huo ni saratani inayoambukizwa mbwa wakipandana, na hata kwa kulambana. Haiambukizi binadamu. Habari njema ni kwamba mbwa wengi hupona kwa sindano za daktari wa mifugo, mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Uvimbe kwenye matiti ya jike mzee nao usingoje ukue.

Sasa oili chafu ya gari. Najua inapakwa, na najua sababu: ni ya bure. Lakini mbwa hujilamba, na ile ni sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, ikichanganywa kwa kukisia, inaweza kumuua.

Ninaloliogopa zaidi ni jipu la ghafla, la moto, lenye usaha, shingoni au mguuni. Mara nyingi chanzo chake ni meno ya mbwa mwingine. Jiulizeni: ni mbwa gani huyo? Ana chanjo? Kichaa cha mbwa hukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kuonekana. Jipu linaweza kupona na ugonjwa ukaendelea kimyakimya. Basi mbwa wa namna hiyo msimfinye wala kumwosha kwa mikono mitupu, mfungeni, mniite. Akimuuma au kumkwaruza mtu, oshani jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba.

Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Siku ya chanjo mleteni akiwa na kamba, ameshikwa na mtu mzima aliyezoeana naye, si mtoto. Mwenye uvimbe nielezeni kwanza, kabla hajaingia kwenye foleni na wenzake.