HOTUBA JUU YA MWALIMU JULIUS NYERERE, RAIS WA KWANZA WA TANGANYIKA



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Sifa zake za jumla mwazijua, wala hatutazirudia. Tumechagua jambo moja tu, yaani jinsi alivyoshika vyeo na jinsi alivyoviacha. Kwa maana katika vyama vyetu hilo la pili ndilo linalotushinda mara nyingi.

Alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere, na hata Edinburgh, kisha akawa mwalimu Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka wa 1953 alichaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association. Chama hicho, wazee, kilifanana sana na hiki chetu: asili yake ni chama cha makarani na walimu kilichoanzishwa mwaka wa 1929. Tarehe 7 Julai 1954 kiligeuzwa kuwa TANU. Mwaka uliofuata, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa mjini New York, alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha mshahara. Wenye kujua maisha ya mwalimu wa siku zile wataupima wenyewe uzito wa uamuzi huo.

Mwaka wa 1960 alisema kwamba yu tayari kuchelewesha Uhuru wa Tanganyika, ikiwa kwa kungoja nchi zetu za Afrika Mashariki zingeungana. Sisi wa Kenya yafaa tulikumbuke neno hilo, ijapokuwa shirikisho lenyewe halikupatikana.

Walakini lililowashangaza watu zaidi lilitokea Januari 1962. Uhuru ulikuwa umepatikana tarehe 9 Desemba 1961, naye alikuwa Waziri Mkuu. Baada ya wiki 6 hivi tu, akajiuzulu, akamwachia kiti Bwana Rashidi Kawawa. Wako waliodhani kwamba ameangushwa na wenzake. Kumbe alikuwa ameona ya kuwa viongozi wamehamia maofisini na chama kimebaki nyuma kama nyumba isiyo na mtu. Akazunguka nchini, akaonana na wanachama, akawaeleza kazi iliyobaki baada ya bendera kupandishwa. Mwishoni mwa mwaka ule wananchi walimchagua kuwa Rais wa Jamhuri.

Hatusemi kwamba utawala wake haukuwa na kasoro. Mwaka huo huo wa 1962 ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila hukumu. Mwaka wa 1965 chama kikawa kimoja kwa sheria. Na katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, wakaacha mashamba yao. Tena, tuseme kweli, ni rahisi kidogo kuondoka kitini pale ambapo hapana aruhusiwaye kukigombania.

Hata hivyo aliondoka. Mwaka wa 1985 alimkabidhi urais Bwana Ali Hassan Mwinyi, wakati ambapo marais wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kupinduliwa au wakiwa bado madarakani. Uenyekiti wa chama aliushika hata mwaka wa 1990. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama.