Mufti na Daktari

Kikwe na Tengeru, karibu na Arusha, ni jirani tu. Kuanzia 1942, Wapolandi wapatao 5,000 waliofukuzwa kwao na Stalin walihifadhiwa Tengeru. Makaburini mwao wamo hata Wayahudi.

Makaburi hayo yanaibua swali: na Waarabu, walifanya nini Wayahudi walipouawa Ulaya na Wanazi? Wengi humtaja Mufti wa Yerusalemu, Amin al-Husseini, aliyekutana na Hitler mjini Berlin Novemba 1941. Ni kweli, na aibu ile haifutiki. Lakini Berlin hiyohiyo, daktari Mmisri mzaliwa wa Khartoum, Mohamed Helmy, alimficha binti wa Kiyahudi, Anna Boros: akamfunika ushungi, akamwita mpwa wake. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimhoji, hakumtoa. Mwaka 2013 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji yale, ilimtambua kuwa mwokozi wa Wayahudi, Mwarabu wa kwanza kupewa heshima hiyo.