Gitaa na Unyevu wa Hewa

Mbao za gitaa hufyonza unyevu wa hewa na kuutoa. Masika ya Mombasa na Zanzibar huzivimbisha: uso wa gitaa huinuka, nyuzi hupanda, gundi huachia. Kiangazi cha Dodoma huzikausha hadi zipasuke.

Weka kipimo cha unyevu ndani ya kasha la gitaa. Lenga asilimia 45 hadi 55. Kikisoma chini ya 40, tia sponji iliyokamuliwa isidondoshe hata tone, ndani ya kibweta cha sabuni chenye matundu. Kikizidi 60, ondoa sponji, weka vipakiti vya silika ya kufyonza unyevu.

Gitaa likilowa? Lifute, legeza nyuzi, likauke polepole kivulini, usilianike juani. Likipasuka, mpelekee fundi mapema, kabla ufa haujarefuka.