Mtoto Aliyechorwa kwa Kijivu

Kumtenga mtoto mchezoni ni uonevu, ila hakuachi alama ya kumwonyesha mwalimu. Kitabu cha picha huweza kuichora alama hiyo. Katika The Invisible Boy, kilichotoka Marekani mwaka 2013, kikiwa kimeandikwa na Trudy Ludwig na kuchorwa na Patrice Barton, mvulana Brian ni wa kijivu cha penseli huku wanafunzi wenzake wakiwa na rangi zao. Anapomwandikia kijikaratasi Justin, mwanafunzi mgeni aliyechekwa kwa kula kwa vijiti, rangi inaanza kumwingia Brian kidogo kidogo. Hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kuliona hilo, pengine kabla ya mzazi aliyezama kwenye maneno. Anayemsomea hana haja ya kuhubiri. Inatosha kuuliza rangi imeanza ukurasa gani.