Fletcher Henderson: Mkono Ulioandika na Jina Lililosifiwa



Tumeombwa kusema machache juu ya muziki wa jazi, nasi tumemchagua Fletcher Henderson, mpiga piano na mkuu wa bendi wa Marekani, kwa kuwa habari zake zatuhusu sana sisi tushikao kalamu.

Alizaliwa Cuthbert, jimbo la Georgia, tarehe 18 Desemba 1897. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, na mama yake alifundisha piano. Mwaka 1920 alimaliza masomo ya kemia na hesabu katika Chuo Kikuu cha Atlanta, akaenda New York kutafuta kazi ya elimu yake. Lakini mlango ule haukufunguliwa kwa mtu mweusi, hata awe na shahada mkononi. Basi akarudia piano aliyofundishwa nyumbani, akaajiriwa na Pace na Handy, wauza nyimbo, kisha na Black Swan, kampuni ya santuri iliyokuwa mali ya watu weusi.

Mwaka 1924 bendi yake iliingia Roseland, ukumbi mkubwa wa dansi wa New York, ambamo wapigaji walikuwa weusi na wachezaji ni weupe peke yao. Mwaka huo huo akamwita Louis Armstrong na tarumbeta yake. Don Redman ndiye aliyekuwa akiwaandikia muziki. Alipoondoka mwaka 1927, kazi hiyo hatimaye ikamwangukia Henderson mwenyewe. Naye aliipanga hivi: tarumbeta upande mmoja, saksafoni upande wa pili, hawa waita, hawa waitikia, kama waimbaji wapokezanavyo, kisha huachwa nafasi, mmoja asimame apige kwa akili yake.

Lakini uhodari wa kalamu haukumpa uhodari wa biashara. Alikuwa mpole, wala hakuwabana watu wake. Mwaka 1928 alipata ajali ya motokaa, na waliomjua walisema hakuwa tena yule wa zamani. Mwaka 1934 bendi ikavunjika. Ndipo alipomwuzia maandiko yake Benny Goodman, kijana mweupe mwenye bendi, aliyekuwa akipiga katika redio.

Tarehe 21 Agosti 1935, katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, vijana walimshangilia Goodman kwa nguvu nyingi, na sifa za swing zikaenea nchi nzima. Goodman akaitwa Mfalme wa Swing. Na nyimbo zake nyingi zilizopendwa, King Porter Stomp mojawapo, zilipangwa na Henderson. Tuseme haki: Goodman hakuficha, alimtaja na kumsifu, na mwaka 1939 akamwajiri katika bendi yake. Hata hivyo, wenye kucheza dansi walilijua jina moja tu. Wahenga husema chanda chema huvikwa pete. Hapa chanda kilikuwa cha mmoja, pete akavikwa mwingine.

Mwaka 1950 Henderson alipatwa na kiharusi, akafa New York tarehe 29 Desemba 1952.

Wenzetu, ni nani kati yetu asiyepata kuandika barua nzuri, ikatiwa sahihi na mwingine? Hatusemi tuache kuandika vema. Twasema mwenye kazi aijue thamani yake kabla ya kuiuza, na msomaji aulize kila mara: ni mkono wa nani ulioandika?