Woga wa Mara ya Kwanza

Leo twapenda kuzungumza nanyi kidogo juu ya woga. Hatusemi juu ya woga wa simba au wa mwizi wa usiku, bali ule unaotupata tunapotaka kujaribu jambo kwa mara ya kwanza, tena mbele ya watu. Na mfano wetu leo ni baiskeli.

Pengine utasema, "Baiskeli? Nani asiyeijua?" Ni kweli. Wengi wetu tulijifunza tukiwa watoto, tukipenyeza mguu chini ya paipu kwa sababu kiti hatukukifikia. Tumebeba kwa baiskeli magunia ya mahindi, madebe ya maji na hata wagonjwa. Lakini iko baiskeli ya namna nyingine, ambayo huendeshwa ndani ya nyumba, juu ya mbao.

Kule London, Uingereza, ipo nyumba kubwa ya mchezo huo iliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Yaitwa Lee Valley VeloPark. Ndani mna njia ya mviringo iliyotengenezwa kwa mbao za msonobari wa Siberia, na mzunguko wake ni mita 250. Katika michezo ile Waingereza walijipatia medali 7 za dhahabu kati ya 10 zilizoshindaniwa humo. Tangu mwaka 2014, watu wa kawaida nao wameweza kwenda kujaribu. Mtu hulipa ada yake, hupewa baiskeli na kofia ngumu, kisha hufundishwa na mwalimu kwa muda wa saa moja hivi.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuseme yuko mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa kwetu, amekwenda kumtembelea mwanawe huko. Mwana amelipia nafasi mbili, yake na ya mamaye. Mama aingia, atazama, miguu yaisha nguvu. Kwenye kona zile mbao zimeinuka digrii 42, mwinuko mkali kuliko paa za nyumba nyingi. Kisha aambiwa kwamba baiskeli yenyewe haina breki. Tena haina friwili: pedeli zimefungamana na gurudumu la nyuma, hivi kwamba maadamu gurudumu lazunguka, miguu nayo sharti izunguke. Huwezi kuipumzisha kama tufanyavyo tukiteremka mlima. Ukiikaza ghafla, pedeli zitakusukuma kwa nguvu, na huenda zikakuangusha.

"Mwanangu," asema mama, "umenileta huku nije nife?"

Je, tumcheke mama huyu? Hata kidogo. Wazee wetu walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Woga ni mlinzi wa nyumba, na kazi yake ni njema. Lakini mlinzi anayemzuia hata mwenye nyumba asitoke mlangoni, huyo si mlinzi tena, amejifanya bwana. Basi tutamrudishaje mahali pake?

Jambo la kwanza ni kusema wazi. Mwalimu wa mchezo huu huuliza mwanzoni, "Nani hajapata kujaribu?" Yafaa kuinua mkono bila haya. Aliyejificha kati ya wazoefu hatapewa msaada, maana hakuna aliyejua kwamba auhitaji.

Jambo la pili ni kupanda kwa daraja. Hakuna mwalimu amtupaye mgeni kwenye ukuta ule mara moja. Kwanza hupanda baiskeli akiwa ameshikilia fito ya pembeni. Kisha aiachilia fito, azunguka pale chini palipo tambarare. Akizoea, aingia kwenye ukanda wa buluu ulio ukingoni mwa njia. Halafu afuata mstari mweusi, baadaye mwekundu, na mwishowe mstari wa buluu ulio juu zaidi. Kila hatua yaiandaa ile inayofuata. Aliyeogopa ukuta mzima aona kwamba leo hatakiwi kuushinda ukuta mzima. Atakiwa kuvuka mstari mmoja tu.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nasi twaomba mlisikilize vizuri. Woga humwambia mtu, "Kona imefika, punguza mwendo." Katika barabara zetu hilo ni shauri jema. Juu ya zile mbao lakini, hapo ndipo penye hatari. Mtu azungukaye kona kwa kasi husukumwa kuelekea nje, na mbao zilizoinuka huupokea msukumo huo, zikamshika barabara. Kasi ikipungua mno, hakuna tena cha kumkandamiza kwenye mbao, na tairi huteleza kuelekea chini. Kwa hiyo walimu huwahimiza wanafunzi wao wasishuke chini ya kilomita 25 au 30 kwa saa wakiwa juu ya mwinuko. Aliye chini kwenye tambarare yu salama. Anayekwenda juu kwa mwendo thabiti yu salama. Anayeteleza ni yule aliyekwisha kupanda, kisha katikati ya kona akaanza kusitasita.

Na macho yake yatazame wapi? Yatazame mbele, pale kona inapoishia. Mtu hufuata macho yake. Akitazama chini ya mteremko, baiskeli nayo huelekea huko.

Wapenzi wasikilizaji, mnaona tunakoelekea. Miongoni mwetu yuko kijana anayeanza kazi kesho. Yuko mama anayetaka kuingia darasa la kusoma, naye aogopa kukaa pamoja na walio rika la watoto wake. Yuko baba ambaye kwa miezi sasa ameahirisha kwenda hospitali kupimwa. Sisi sote tuna ukuta wetu wa mbao. Tukingoja mpaka woga uishe ndipo tuanze, tutangoja mpaka uzee. Woga hauishi kwa kungojewa. Hupungua mtu akisha kuanza. Basi tuseme wazi kwamba twaogopa, tuanzie chini, na tukisha kupanda, tusisite katikati.

Tena, tusisahau kumaliza kwa utaratibu. Kwa kuwa breki hakuna, mpanda baiskeli yule hulegeza mwendo kidogo kidogo akishuka kwenye tambarare, kisha aishika fito tena. Na kama yule mama leo amefika mstari mwekundu tu, magoti yakimtetemeka, asionewe haya. Asubuhi hakuthubutu kuugusa hata ule wa chini. Mstari wa juu utakuwapo juma lijalo.

Swali letu kwenu leo ni hili: ni mstari gani mmoja ambao wewe waweza kuuvuka juma hili? Usitwambie habari za ukuta mzima. Mstari mmoja tu.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutasikilizana tena.