Nguvu za Kiwiliwili kwa Vijana Wakimbiao

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kusema nanyi habari za mbio, na hasa na vijana wa Tabora na walimu wao, wafanyao mazoezi katika viwanja vya mchanga pasipo chombo ila filimbi.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ya njia ya Bagamoyo hata Ujiji ilichukuliwa na watu, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa kupita wote. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata kilo 30, na kutoka Tabora hata pwani ni zaidi ya kilomita 800. Mpagazi hakutegemea miguu peke yake. Mzigo wa begani huvuta mwili upande mmoja, na misuli ya tumbo, ya mgongo na ya nyonga hapana budi iuzuie katika kila hatua.

Mkimbiaji naye, ingawa hachukui kitu, ana mzigo. Kila mguu mmoja utuapo, hupokea nguvu iliyo zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wake. Kiwiliwili kikiwa dhaifu, nyonga huinama, magoti huingia ndani, mabega hupanda, na pumzi huwa fupi. Mtazameni kijana katika mzunguko wa mwisho wa mita 1500: mara nyingi kiuno huchoka kabla ya miguu. Nao mwisho wa mbio ndipo penye hesabu. Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, jirani zetu, alishinda marathoni ya dunia kwa muda ule ule wa Mjerumani Amanal Petros, saa 2:09:48. Walitengwa na sehemu 3 tu za mia za sekunde.

Wako watu watakaosema, basi, na tumtwike mtoto gunia la mchanga akimbie nalo kama wazee wake. Shauri hilo hatulikubali hata kidogo. Wapagazi wengi waliugua na kufa njiani, nao walikuwa watu wazima. Na mifupa ya kijana ingali ikikua. Uzito wa mwili wake wamtosha.

Tandikeni mkeka chini ya mwembe. Kijana alale kifudifudi, kisha ajiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili ukinyoka kama ubao, naye ahesabu polepole mpaka 20. Mwalimu aweke mpini wa ufagio juu ya mgongo wake: uguse kisogo, katikati ya mabega, na mwisho wa uti wa mgongo. Kiuno kikizama, zoezi limekwisha, hata kama hesabu ni 12. Kuwashindanisha nani atakaa zaidi ni upuuzi, maana hapo hujifunza kukaa vibaya kwa muda mrefu. Kisha afanye vivyo hivyo kwa ubavu, juu ya kiwiko kimoja, kuume na kushoto.

Zoezi tulipendalo zaidi ni hili, kwa kuwa lafanana na mbio zenyewe. Alale chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Ainue nyonga, halafu anyoshe mguu mmoja pasipo upande ule kushuka. Wengi hushindwa siku ya kwanza. Baadaye apige magoti, mikono chini, anyoshe mkono wa kuume pamoja na mguu wa kushoto, kisha abadilishe. Kikombe cha maji kiunoni kitamwambia kama ametulia. Katika yote haya asizuie pumzi.

Dakika 10 au 15 zatosha, mara 2 au 3 kwa juma, baada ya mbio nyepesi, tuseme za njia ya Kwihara. Wala si siku ya kuamkia mashindano. Mazoezi haya hayashiki mahali pa kukimbia. Kijana aliyekwisha kuteka maji alfajiri, ndoo kichwani, apunguziwe, kwa maana shingo na mgongo wake vimefanya kazi tayari. Mabadiliko msiyatazamie kabla ya majuma 6. Misuli kuuma kidogo kesho yake si neno. Bali maumivu makali ya mgongo, au yashukayo mguuni, aache mara moja na kupelekwa hospitali.